Gurupu wakati wa baridi: mahali pake ni inje

Mu milima ya Lubero, jimbo la Kivu Kaskazini, sehemu nyingi ziko juu ya mita 2.000. Jua likizama baridi inaanza, na wakaaji wanafunga milango na madirisha. Ni wakati ule wengine wanaingiza jenereta, ile wengi wanaita gurupu, ndani ya koridoo ao jikoni. Wanaogopa mvua, wanaogopa pia wezi. Hatari inaanzia hapo.

Gesi isiyoonekana

Mota ya esanse inatoa gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mu damu inashika nafasi ya oksijeni. Mtu anasikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, nguvu zinaisha. Anafikiri ni malaria, analala, na anaweza kufa bila kuamka. Kufungua dirisha hakutoshi. Mbabula ya makala ikiachwa inawaka mu chumba cha kulala inatoa gesi ileile.

Kama watu wawili ao watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja na gurupu inawaka, watolewe wote inje kwanza, kisha wapelekwe hospitali hata kama wanasema wamepata nafuu.

Kuiweka wapi?

Inje, karibu mita 6 mbali na milango na madirisha, ya kwako na ya jirani. Bomba la moshi liangalie upande pasipo watu. Kwa mvua, kibanda cha mabati bila kuta kinatosha. Kwa wezi, mnyororo na kufuli ku nguzo iliyosimikwa vizuri.

Kuiwasha asubuhi ya baridi

Baridi inafanya mafuta ya mota kuwa mazito. Basi yapime kwanza, gurupu ikiwa imesimama sawasawa. Funga sitarta, vuta kamba, na mota ikishika, fungua sitarta polepole. Ngoja dakika mbili ao tatu mbele ya kuunga vyombo.

Usiipakie kupita nguvu yake. Kule juu hewa ni nyepesi: mota inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1.000. Gurupu iliyoandikwa wati 2.000, pale Lubero itatoa karibu 1.600. Pasi na firigo kwa mara moja, pamoja na taa na telefone za wateja, vinaweza kuichosha haraka.

Esanse

Usiongeze esanse mota ikiwa inawaka ao ingali moto. Izime, ngoja dakika 15. Usiku tumia tochi, hapana mshumaa wala koroboi. Na bido ya esanse isilale mu nyumba wanamolala watoto, zaidi sana karibu na mbabula.