Dhahabu ya Juba: Si Kila Gramu Inayopimwa ni Dhahabu

Dhahabu inayoletwa Juba kutoka Kapoeta, Equatoria ya Mashariki, kwa sehemu kubwa huchimbwa na wachimbaji wadogo wanaoosha mchanga wa mito ya msimu. Ni dhahabu ya kweli, lakini mara chache huwa dhahabu tupu. Hapo ndipo wanunuzi wageni hupata hasara.

Kikemia dhahabu ni elementi, alama yake Au, namba 79. Haitengenezwi kwa kuchanganya vitu, wala kuichoma hakuigawi vitu viwili. Lakini ile itokayo ardhini karibu kila mara imeungana na madini ya fedha, na pengine shaba kidogo. Mchanganyiko huo ni wa maumbile, si lazima muuzaji awe tapeli. Kiasi cha fedha hubadilika kutoka eneo hadi eneo, hivyo mzigo wa jana hauwezi kuwa kipimo cha mzigo wa leo.

Usafi huhesabiwa kwa karati. Karati 24 ni dhahabu tupu, 22 ni karibu asilimia 91.7, na 18 ni asilimia 75. Bei ya soko la dunia hutajwa kwa aunsi ya dhahabu safi, na aunsi hiyo ni gramu 31.1, si 28.35 kama ile ya kawaida. Anayenunua kilo moja yenye usafi wa asilimia 90 amepata gramu 900 tu za dhahabu. Akilipa kama kilo kamili, amelipia gramu 100 za madini mengine kwa bei ya dhahabu, yaani zaidi ya aunsi 3. Hasara hiyo hugundulika kwenye kiwanda cha kusafishia, baada ya mzigo kupita Nimule au Nadapal na gharama zote kulipwa.

Kipimo cha kwanza ni maji. Dhahabu tupu ina uzito mara 19.3 ya maji, fedha mara 10.5, shaba karibu mara 9. Kipande kigumu cha gramu 100 kikining'inizwa kwa uzi ndani ya maji, dhahabu tupu itasoma kama gramu 94.8. Chenye asilimia 10 ya fedha kitasoma karibu 94.4. Tofauti ni ndogo, kwa hiyo mizani ya sokoni haitoshi. Inatakiwa inayosoma sehemu za gramu. Vumbi nalo liyeyushwe kwanza, maana mchanga na hewa huharibu hesabu.

Maji hayafichui tungsteni, ambayo uzito wake ni 19.25. Mashine ya miale ya eksirei nayo husoma ngozi ya juu tu. Kwa mche, njia ya uhakika ni kuutoboa au kuuyeyusha mbele ya mnunuzi: dhahabu huyeyuka kwa nyuzi 1,064 za Selsiasi, tungsteni hubaki ngumu hadi kupita 3,400. Muuzaji anayekataa hilo, fedha zisitolewe.