Dawa za chupa kwa injini iliyochoka: Zinafanya nini kweli kwenye magari ya Tukuyu?

Asubuhi za Juni na Julai Tukuyu huwa na baridi kali. Noah inapigwa stata stendi, inakohoa kidogo, halafu wingu la bluu linatanda nyuma yake. Abiria wanaziba pua. Wingu halijaisha, ushauri wa kijiweni umeshatoka: hiyo weka dawa tu.

Dawa yenyewe ni chupa ndogo inayouzwa kwenye maduka ya spea na oili. Mara nyingi ina picha ya gari la mashindano, na maandishi yake yanaahidi makubwa: moshi unakata, nguvu inarudi, injini inakuwa kama mpya. Kwa mwenye gari aliyeambiwa na fundi kwamba injini lazima ishushwe, chupa inaonekana kama mkombozi. Bei ya chupa na bei ya kushusha injini hazikaribiani hata kidogo.

Jibu fupi ni kwamba chuma kilicholika hakirudi kwa kumiminiwa kitu. Lakini si kila injini inayotoa moshi imelika, na hapo ndipo chupa hizi hupata sifa, nyingine za haki na nyingine za bure.

Kuchoka kwa injini ni nini hasa

Ndani ya silinda, pistoni hupanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika. Haigusani na ukuta wa silinda moja kwa moja. Kati yake kuna ringi, na kati ya ringi na ukuta kuna utando mwembamba wa oili. Ringi za juu huzuia mgandamizo usivuje kwenda chini, ya chini hukwangua oili isipande juu ikaungua.

Miaka inavyokwenda, ringi zinalika na silinda inapanuka. Hapo oili inapanda na kuungua, na hewa iliyogandamizwa inashuka kwenye sampu. Gari linaanza "kula oili" na kukosa nguvu.

Upana uliopotea ni sehemu ndogo sana ya milimita, lakini ni chuma kilichokwisha kuondoka. Kilitoka na oili chafu kila ulipobadilisha. Ndiyo maana gereji hurekebisha kwa kuchonga silinda ikawa kubwa kidogo na kuweka pistoni na ringi za saizi ya juu, au kwa kuingiza slivu mpya.

Sasa ndani ya chupa kuna nini?

Majina ni mengi, lakini ukiondoa lebo unabaki na aina chache.

Ya kwanza na inayouzwa zaidi kwa magari ya moshi ni ya kuongeza uzito wa oili. Ni kimiminika kizito kama asali, chenye polima. Oili ikiwa nzito haipenyi kirahisi kwenye uwazi wa ringi, kwa hiyo moshi unapungua na hata kelele za ndani zinatulia. Dereva anaona ndani ya siku moja na anaamini gari limepona. Kilichobadilika ni oili, injini iko vilevile. Polima zikikatika kwa joto na msuguano, au oili ikibadilishwa, moshi unarudi.

Aina ya pili hulainisha raba. Sili za vali zikizeeka hukauka na kuwa ngumu, oili ikapita. Kemikali hizi huzifanya zivimbe kidogo na kulainika tena. Hii ina mantiki yake, mradi sili imekauka tu. Iliyopasuka haishoneki.

Tatu ni sabuni za injini, zile za kumwaga kabla ya kubadilisha oili ili kung'oa uchafu. Halafu kuna zile za "kupaka chuma", zenye unga wa PTFE, molibdeni au zinazotajwa kuwa na seramiki. Hizi ndizo zenye ahadi kubwa kuliko zote, na ndizo zilizowaingiza watengenezaji wake matatani.

Jambo moja ambalo lebo hazikumbushi ni kwamba oili yenyewe ya kawaida tayari ina dawa. Kiwanda huweka humo sabuni, vizuia kutu, vizuia povu na vizuia kulika, vikiwa vimepimwa vikae pamoja. Ndiyo maana vitabu vya magari vya watengenezaji wengi vinasema hakuna haja ya kuongeza kitu kingine.

Marekani walivyobanwa

Ahadi hizi zilishachunguzwa. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilizifuatilia kampuni kadhaa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, ikisema zinatangaza mambo ambayo hazina ushahidi nayo.

Kesi maarufu zaidi ni ya Slick 50, dawa yenye PTFE. Matangazo yake yalisema injini nyingi hazina kinga inapowashwa asubuhi kama hazijawekewa dawa hiyo. FTC ilipinga, na mwaka 1997 kampuni tanzu za Quaker State zilizoiuza zilikubali kuacha madai hayo. Mwaka 2000 wauzaji wa Dura Lube walikubali kulipa dola milioni 2 za kuwafidia wateja. Mwaka 2003 ikafuata zMax, dola milioni 1.

Makubaliano ya namna hiyo kwa kawaida si kukiri kosa. Lakini ujumbe uko wazi: kampuni zenye maabara na mawakili zilibanwa zioneshe ushahidi, zikaona afadhali kufuta maneno. Chupa isiyojulikana imetoka wapi haistahili kuaminiwa zaidi ya hizo.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na Tume ya Ushindani (FCC) hushughulikia pia bidhaa bandia. Viwango viko chini ya TBS. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo wala tarehe ni ya kurudisha kaunta.

Mlima nao unadanganya

Hapa Rungwe kuna kitu kinachochanganya watu ambacho dereva wa Dar es Salaam hakutani nacho: mwinuko.

Kyela iko karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Tukuyu iko takriban mita 1,500. Ukiendelea kupita Kiwira kuelekea Uyole, barabara inapanda hadi Isyonje, juu ya mita 2,000. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Hiace iliyopakia ndizi Kyela inafika Isyonje imepoteza zaidi ya asilimia 15 ya nguvu yake, hata kama injini ni nzima kabisa.

Dereva mgeni wa njia hiyo anaona gari limechoka. Na kama ni ya dizeli, moshi mweusi unaongezeka mlimani kwa sababu hewa ni pungufu kwa mafuta yanayoingia. Chupa ya oili haigusi tatizo hilo. Kichujio cha hewa kilichojaa vumbi la kiangazi au nozeli mbovu vinaweza kulizidisha, na hivyo ni vya kuangaliwa kwanza.

Mwinuko unaingia hata kwenye vipimo. Fundi akipima kompresheni Tukuyu kwa geji, namba itasoma chini kwa takriban asilimia 15 kuliko ile ya kitabu, ambayo kwa kawaida ni ya usawa wa bahari. Injini ya petroli inayotakiwa kusoma psi 180 inaweza kusoma kama 150 hapa na ikawa nzima. Mtu anayesoma kitabu bila kukumbuka hilo anaweza kushusha injini isiyo na tatizo, au kuuziwa dawa bure.

Soma moshi kabla ya kufungua pochi

Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua vizuri. Moshi mweupe mzito usioisha injini ikishapata moto, hasa kama maji ya radieta yanapungua, ni gasketi au silinda hedi. Siyo ule mvuke wa asubuhi ya baridi, ambao Tukuyu kila gari linao. Wa bluu ndio wa oili.

Na bluu nayo ina tabia zake. Ukitoka mara moja unapowasha asubuhi kisha ukakata, shaka ya kwanza ni sili za vali: oili imechuruzika usiku kucha. Mteremko wa Isyonje kushuka Kiwira ni kipimo kizuri cha bure. Shuka kwa gia ndogo bila kukanyaga mafuta, kisha chini kabisa kanyaga. Wingu la bluu likilipuka hapo, ni vali tena. Moshi unaotoka muda wote unapokanyaga kupanda mlima unaelekeza kwenye ringi.

Kabla ya yote, angalia valvu ya PCV, kile kipumulio cha injini. Ikiziba, presha inajaa ndani na kusukuma oili mahali isipotakiwa. Gari linakula oili kama mzee wa miaka 30, kumbe kosa ni kifaa kidogo cha bei nafuu.

Kisha pima ulaji wenyewe. Jaza oili hadi alama ya juu, andika kilomita, na hesabu unachoongeza. Watengenezaji kadhaa, Toyota ikiwemo, huweka lita 1 kwa kilomita 1,000 kama ukomo. Anayeongeza robo lita kwa umbali huo hana sababu ya kukosa usingizi.

Kompresheni hupimwa mara mbili. Kavu kwanza, halafu fundi anamwaga oili kidogo kwenye silinda iliyosoma chini na kurudia. Namba ikipanda wazi, ringi ndizo zinazovuja, kwa sababu oili imeziba uwazi kwa muda. Isipopanda, tazama vali au gasketi. (Ukifikiria, kipimo hiki kinafanya kwa dakika chache kilekile ambacho dawa nzito inafanya kwa wiki kadhaa.) Tofauti kati ya silinda na silinda ina maana kuliko namba yenyewe. Zote nne zikikaribiana, injini ina maisha.

Chupa inaposaidia, inapoua

Kuna hali ambapo dawa inafanya kazi kweli. Ringi zikiwa hazijalika ila zimeganda kwa kaboni, sabuni nzuri inaweza kuziachia, na kompresheni ikapanda. Hutokea kwa magari ya safari fupifupi, yasiyopata moto vizuri, au yaliyobadilishiwa oili kwa kuchelewa. Sili iliyokauka nayo inaweza kupata nafuu ya miezi.

Lakini sabuni hiyohiyo kwenye injini iliyojaa tope la oili ni hatari. Uchafu unang'oka vipande, unaziba chujio la chini ya sampu, oili haipandi. Taa nyekundu inawaka mlimani, na kabla hujapata pa kusimama injini imenoki. Mafundi wenye uzoefu huogopa hili na hupendelea kubadilisha oili nzuri mara mbili tatu kwa umbali mfupi ili uchafu uyeyuke taratibu.

Dawa nzito nayo ina bei yake. Baridi ya Tukuyu alfajiri inaifanya oili iwe nzito zaidi, ikachelewa kufika juu kwenye vali. Sekunde hizo za mwanzo ndizo zinazolika chuma. Kwa hiyo dawa ya kuficha uchakavu inaweza kuuongeza. Kama injini ni ya zamani na unataka oili nzito kidogo, kuhama kutoka 10W-30 kwenda 15W-40 au 20W-50, kulingana na kitabu cha gari, kunafanya kazi hiyohiyo kwa oili iliyopimwa kiwandani.

Kuna pia upande wa soko la magari, na hapa mnunuzi awe macho. Chupa nzito ikimwagwa asubuhi, gari la moshi linauzwa jioni likiwa kimya. Ukienda kukagua, fika bila kuaga, gusa injini uhakikishe ni ya baridi, na chomoa kijiti cha oili. Oili inayovutika kama ute kati ya vidole ina kitu ndani.

Ikiwa imekwisha kweli

Vipimo vikithibitisha ringi, njia ni mbili: kuchonga na kuunda upya, au kufunga injini ya mtumba kutoka Japani. Ya pili ni ya fasta, lakini historia yake huijui, kwa hiyo ipimwe kompresheni kabla ya kulipa na udai garantii ya maandishi.

Ukifunga injini nyingine, namba yake haitalingana na iliyo kwenye kadi ya gari. Chukua risiti na nyaraka za injini hiyo dukani siku hiyohiyo, upeleke TRA kadi ibadilishwe, kabla askari wa barabarani au mnunuzi wako wa baadaye hajaifunua boneti.