Kofia Ngumu na Mwendo wa Barabara: Hoja kutoka Mohoro

Kwamba kofia ngumu hukinga kichwa cha mwendesha baiskeli, hilo limeshathibitika. Jake Olivier na Prudence Creighton, waliounganisha matokeo ya tafiti 40 mwaka 2016, walionyesha kuwa miongoni mwa waliopata ajali, uwezekano wa kuumia vibaya kichwani ulikuwa pungufu kwa takriban asilimia 69 kwa waliovaa. Lakini kipimo hicho huanza ajali ikishatokea. Hakisemi nani alimgonga nani, wala kwa mwendo gani. Kwenye njia za mashamba ya Mohoro, wilayani Rufiji, Tanzania, baiskeli iliyopakia nazi, mkaa au mtoto kwenye keria huenda taratibu, na anguko lake ni lile ambalo kofia imeundiwa: kiwango cha Ulaya, EN 1078, huijaribu kwa kuibamiza kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Mwendeshaji huyohuyo akiifikia barabara kuu ya Kibiti–Lindi, hupitwa na mabasi na malori yanayoruhusiwa kisheria kwenda kilomita 80 kwa saa nje ya makazi. Mwendo huo ni mara 4 ya ule wa kipimo, ila nishati yake, kwa kila kilo, ni mara 16. Povu la sentimita chache haliwezi kuimeza, na kifua na nyonga havikuvaa chochote.

Ndiyo maana napinga sheria ya kumtoza faini mwendesha baiskeli asiye na kofia. Kwa pikipiki sharti hilo ni la haki, kwa kuwa mwendo wa bodaboda hutoka kwenye injini yake mwenyewe. Jimbo la Victoria, Australia, lililotangulia duniani kuwalazimisha waendesha baiskeli kuvaa kofia mwaka 1990, lilipata wavaaji wengi zaidi, lakini vijana waliokuwa wakiendesha wakapungua. Anayeiacha baiskeli Mohoro hahamii kwenye gari lake. Hutembea ukingoni mwa lami ileile au hupanda bodaboda, penye hatari zaidi.

Litakuja pingamizi: barabara haipanuliwi leo, ilhali kofia yaweza kuvaliwa kesho asubuhi. Zaidi ya hayo, damu ikivilia ndani ya fuvu, saa ndizo huamua, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), jijini Dar es Salaam, inakofanyika upasuaji wa ubongo, iko zaidi ya kilomita 150 kutoka Mohoro. Pingamizi hili ni zito, nami nalikubali kwa sehemu kubwa: kofia ina thamani zaidi Mohoro kuliko Amsterdam. Linatosha kudai kofia za bei nafuu, zinazokaa vizuri juu ya ushungi, zigawiwe kwanza kwa wanafunzi. Halitoshi kumhamishia mwenye baiskeli deni la dereva. Wakala wa Barabara, TANROADS, ikijenga mabega mapana ya lami panapokaa watu, na trafiki wakakisimamia kikomo cha kilomita 50 kwa saa ambacho sheria imekwisha kukiweka kwenye makazi, kofia itabaki na kazi inayoimudu: kumkinga aliyeteleza mchangani akaanguka mwenyewe.