Malka: Kuifuata Njia ya Ng'ombe hadi Riketa

Nilishuka Minjila, kwenye njia panda ya Lamu na Garissa karibu na Garsen, nikiwa na swali moja: mwaka 2012, nani aliwatia mapanga mkononi vijana wa delta ya Mto Tana, Kenya? Jibu linalosikika kila mahali ni jepesi. Husemwa kwamba mkulima Mpokomo na mfugaji Muorma wamegombea maji tangu enzi za mababu, na vita viko damuni. Kama viko damuni, malka ilitoka wapi?

Malka ni njia ya ng'ombe kufika mtoni. Ardhi iliachwa wazi katikati ya mashamba. Kiangazi kikiuma, ng'ombe walishuka, wakanywa, wakarudi zao, na wazee wa pande mbili walikaa chini kusuluhisha shamba lililoliwa. Huo ni mpango wa majirani, tena mpango wa akili. Nikataka kuifuata malka moja kwa miguu mpaka majini. Ilinifikisha kwenye migomba, ikaishia hapo. Mto nao umebadili mkondo mara nyingi. Aliyeifunga ni nani: mkulima, mto au mpima ardhi?

Kumbukumbu za mwaka 2001 zinamwelekea mpima ardhi. Mapigano ya wakati ule, yaliyoua watu zaidi ya 100, yalifungamana na mpango wa kupima ardhi na kutoa hatimiliki. Mfugaji aliogopa kwamba hati ingeimeza malka. Mkulima aliogopa kwamba bila hati, shamba lake lingebaki kuwa malisho ya wengine. Hofu zote mbili naziona za kweli. Lakini hofu ya ardhi inaelezaje yaliyotokea katika kijiji cha Riketa?

Riketa ilivamiwa tarehe 22 Agosti 2012. Hesabu ya kwanza ilitaja maiti 48: wanawake 31, watoto 11, wanaume 6. Baadaye ikapanda hadi 52. Tarehe 10 Septemba kikafuata kijiji cha Kilelengwani: waliuawa watu 38, wakiwemo watoto 8 na polisi 9. Mwezi Desemba, kijiji cha Kipao. Wapo wanaosema ni siasa tu, kwa kuwa uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa unakaribia na kaunti mpya ilikuwa inagombewa. Majira yanaafiki, siwezi kuipuuza kauli hiyo. Ila mchochezi hulala kwake. Waliotembea kwenda kuua ni wengine. Walikuwa na umri gani?

Hapo ndipo nilipokwama kwa muda mrefu. Maiti walipangwa kwa makundi: wanawake, watoto, wanaume. Wavamizi waliitwa "vijana", basi. Neno hilo nalitumia kila siku, sikuwahi kulitilia shaka. Kijana ni mtu wa miaka 25 mwenye mke, na kijana ni mvulana wa miaka 15 aliyeamshwa usiku akaambiwa awe mwanamume. Je, Kiswahili chetu wenyewe kimemficha mtoto?

Sheria haikumficha. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, kifungu cha 10, ilikataza mtoto kushiriki katika mapigano au kuandikishwa katika vita vya silaha, na mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Ilitungwa miaka 11 kabla ya Riketa. Nimesikia hoja kwamba ililenga majeshi, si ugomvi wa vijiji. Siikubali. Kwa mvulana aliyesukumwa gizani, panga lina tofauti gani na bunduki?

Nimerudi kwenye ile malka iliyoishia migombani, kwa sababu inakanusha habari ya damu. Watu walioweza kupatana juu ya ng'ombe mmoja aliyekula mahindi wanaweza kupatana juu ya mtoto. Wazee wa Tana, wa upande wa shamba na wa upande wa zizi, nawaomba: mtakapokaa kupanga malka za kiangazi kijacho, wekeni na sharti hili, kwamba aliye chini ya miaka 18 hashiki silaha, na mzee atakayempa atajibu mbele ya pande zote mbili.