Brusketa kando ya Tanganyika: nyanya na jibini juu ya mkate wa kuchoma

Mkate uliochomwa juu ya makaa, nyanya mbichi zilizokatwakatwa, jibini laini na majani machache yenye harufu nzuri: hicho ndicho kiamsha hamu ambacho Waitalia hukiita bruschetta. Ni chakula cha dakika ishirini, hakihitaji oveni wala jokofu, na sehemu kubwa ya vilivyomo hupatikana kwa urahisi Minago, kwenye barabara ya taifa namba 3 kati ya Bujumbura na Rumonge.

Hata hivyo, wepesi wake una sharti. Nyanya za brusketa hazipikwi, na chakula kisichopita motoni hutegemea usafi wa maji, kisu na mikono. Katika ufuo wa ziwa ambako kipindupindu hurejea mara kwa mara, sharti hilo ndilo hatua ya kwanza ya mapishi.

Jina na asili yake

Jina lenyewe lina mtego kwa msomaji wa Kiswahili. Katika Kiitaliano, herufi "ch" hutamkwa "k". Kwa hiyo matamshi sahihi ni "brusketa". Neno hilo limetokana na kitenzi bruscare cha lahaja ya Roma, chenye maana ya kuchoma juu ya makaa. Linataja mkate na moto, wala halitaji nyanya.

Sababu ni kwamba mkate ulitangulia. Wakulima wa mizeituni walichoma kipande cha mkate, wakakisugua kwa kitunguu saumu, kisha wakakidondoshea mafuta mapya yaliyotoka kukamuliwa ili wayaonje. Wakazi wa Rumonge, eneo linalojulikana kote Burundi kwa michikichi na mafuta ya mawese, hawatashindwa kuelewa shauku ya kuonja mafuta ya msimu.

Nyanya ilikuja baadaye. Asili yake ni bara la Amerika, nayo ilifika Ulaya katika karne ya 16. Mwaka 1544 tabibu Pietro Andrea Mattioli aliielezea katika maandishi yake nchini Italia, na hatimaye Waitalia wakaiita pomodoro, yaani tunda la dhahabu. Hata hivyo, mapishi ya nyanya yalianza kuchapishwa huko mwishoni mwa karne ya 17 tu. Kuunganisha nyanya na jibini kunafuata saladi ya caprese, iliyopewa jina la kisiwa cha Capri, karibu na Napoli. Saladi hiyo ina nyanya, jibini ya mozzarella na majani ya mrihani: nyekundu, nyeupe na kijani, rangi tatu za bendera ya Italia.

Kwa hiyo Waitalia wenyewe waliazima tunda la mbali na kuliweka juu ya mkate wao. Mpishi wa Minago anayebadilisha mafuta au jani yumo katika mkondo uleule.

Maji kwanza, kisu baadaye

Kipindupindu husababishwa na bakteria wanaoingia mwilini kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha binadamu. Tarehe 1 Januari 2023 serikali ya Burundi ilitangaza mlipuko wa ugonjwa huo, na ukanda wa Ziwa Tanganyika umekuwa miongoni mwa maeneo yanayoathirika kwa muda mrefu. Aidha, maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2021 na tena mwaka 2024, makazi ya ufuoni yalifurika. Mafuriko ya namna hiyo huchanganya maji ya vyoo na maji ya matumizi.

Nyanya iliyooshwa kwa maji ya ziwa yasiyotibiwa hutakata machoni tu. Kuna njia mbili za kuisafisha kwa uhakika.

Ya kwanza ni kuiosha kwa maji yaliyotibiwa. Ukitumia dawa ya klorini inayouzwa kwa ajili ya maji ya kunywa, fuata kipimo na muda ulioandikwa kwenye kifungashio. Ukichemsha, yaache maji yatokote kwa nguvu kwa dakika moja kamili. Dakika tatu zinahitajika katika maeneo yenye mwinuko unaozidi mita 2,000, ilhali ufuo wa Tanganyika uko chini ya mita 800.

Ya pili inafaa zaidi pale ambapo maji safi ni machache. Osha nyanya zikiwa nzima, kisha uzitumbukize katika maji yanayochemka kwa dakika moja. Zitoe kwa kijiko, uziweke katika sahani safi na uziache zipoe zenyewe. Usizirudishe katika maji ya baridi ambayo hayajatibiwa. Moto hupunguza sana vijidudu vya juu ya ganda, na ganda lenyewe huvuka kwa urahisi, huku nyama ya ndani ikibaki mbichi na imara.

Ubao wa kukatia, kisu na mikono vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa nyanya, hasa ikiwa ubao huo umetumiwa kutayarishia samaki. Maji ya ndimu huongeza ladha, lakini hayachukui nafasi ya maji safi.

Kuchagua nyanya

Tafuta nyanya nyekundu kote, nzito mkononi, ambazo hubonyea kidogo tu zikiguswa na zenye harufu karibu na kikonyo. Zile ndefu zenye nyama nyingi na maji machache, kama aina ya Roma inayolimwa sana Afrika Mashariki, hufaa kuliko zile za mviringo zenye majimaji. Roma, pamoja na jina lake, si ya Kiitaliano: ilizalishwa na watafiti wa kilimo wa Marekani katika miaka ya 1950.

Usinunue nyanya yenye mpasuko au sehemu iliyolainika kwa chakula kisichopikwa. Hiyo ifae mchuzi. Nyanya ambazo hazijaiva vizuri zipange kivulini, zisibanane, nazo zitaendelea kuiva. Hata mwenye jokofu hana haja ya kuziweka humo, kwa kuwa baridi hupunguza harufu na utamu wake.

Jibini: kununua au kutengeneza

Jibini, ambayo wengi wetu tumezoea kuiita fromaji kwa neno lililotoka Kifaransa, ndiyo kiungo kigumu zaidi kupatikana. Mozzarella hutoka mbali na huhitaji baridi wakati wote. Jibini ngumu inayotengenezwa katika milima ya Masisi, Kivu Kaskazini, hufanana na gouda na hustahimili safari vizuri zaidi. Anayeipata aikate vipande vyembamba na kuiweka juu ya mkate ukingali moto.

Lakini jibini laini na nyeupe inaweza kutengenezwa nyumbani kwa maziwa na ndimu tu. Kwa watu wanne:

- Chemsha lita moja ya maziwa ya ng'ombe huku ukikoroga, yasiungue chini.
- Yakichemka, epua. Mimina polepole vijiko viwili vya chakula vya maji ya ndimu, ukikoroga taratibu.
- Maziwa yatakatika: mabonge meupe yatajitenga na maji ya rangi ya kijani hafifu. Yasipokatika, ongeza ndimu kidogo kidogo.
- Subiri dakika kumi, kisha chuja kwa kitambaa safi kilichochemshwa.
- Tia chumvi kidogo, funga kitambaa na ukitundike kwa nusu saa.

Utapata takriban gramu 150 za jibini. Maji yanayochujwa yana lishe; yatumie katika uji au kukandia unga.

Njia hii ina faida mbili nyingine. Kwanza, maziwa yamechemshwa. Maziwa mabichi na jibini iliyotengenezwa kwayo huweza kueneza brusela, ugonjwa wa mifugo unaompata pia binadamu na kumletea homa ya muda mrefu. Kwa wajawazito hatari ni kubwa zaidi. Pili, hakuna kimeng'enya kinachotokana na tumbo la ndama, kama kilivyo katika jibini nyingi za Ulaya. Familia za Kiislamu zinazojali namna mnyama alivyochinjwa zinaweza kuila bila wasiwasi, hata kuipakua kama sehemu ya futari.

Bila jokofu, jibini hii iliwe siku ileile ilipotengenezwa.

Mafuta na majani

Mafuta ya zeituni ndiyo ya asili, lakini huagizwa kutoka nje na bei yake ni kubwa. Mafuta ya alizeti hufanya kazi vizuri. Mawese mekundu nayo yanawezekana kwa kiasi kidogo: ladha yake ni nzito na yanaweza kuizima nyanya, kwa hiyo kijiko kimoja kwa vipande vinne kinatosha. Kwa kufidia uzito huo, mawese huupa mkate rangi nzuri na yana kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A.

Jani linalotumiwa Italia ni mrihani. Asiyeupata atumie majani ya kotimiri au kitunguu cha majani. Majani ni magumu kusafisha kuliko nyanya, kwa kuwa hayawezi kuchemshwa bila kunyauka. Yaoshe kwa maji yaliyotibiwa, au uyatie katika mafuta ya moto kwa sekunde chache. Yatakauka kidogo na harufu yake itahamia kwenye mafuta.

Vipimo na hatua

Kwa watu wanne andaa:

- nyanya sita za Roma, au gramu 500 hivi
- vipande vinane vya mkate, unene wa sentimita moja na nusu
- gramu 150 za jibini
- punje mbili za kitunguu saumu
- vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti au zeituni, au viwili vya mawese
- majani kumi ya mrihani
- nusu kijiko cha chai cha chumvi, na pilipili manga ukipenda

1. Kata nyanya zilizosafishwa katikati, toa mbegu na majimaji, kisha katakata vipande vidogo. Tia chumvi na uviache katika chujio kwa dakika kumi. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya nyanya, na maji hayo yakibaki yatalowesha mkate. Usiyamwage; yanafaa katika mchuzi.

2. Wakati huo choma mkate kwenye jiko la mkaa. Subiri makaa yafunikwe na majivu meupe, kwani mwali huunguza nje na kuacha ndani kukiwa laini. Dakika moja hadi mbili kila upande hutosha. Mkate wa jana ni bora kuliko wa leo, kwa sababu umepoteza maji na hukauka vizuri.

3. Menya kitunguu saumu na ukisugue juu ya mkate ukingali moto. Uso wa mkate uliokauka utakikwangua kama kikwangulio.

4. Pasha mafuta moto kidogo, yapake juu ya mkate, kisha panga jibini.

5. Changanya nyanya na majani, onja chumvi, na uweke kijiko kimoja kamili juu ya kila kipande. Pakua mara moja.

Mpangilio huo una sababu. Mafuta na jibini vikitangulia, huzuia majimaji ya nyanya yasipenye mkateni. Nyanya ikiwekwa kwanza, mkate hulainika ndani ya dakika chache.

Pasipo jibini: ndagala

Katika nyumba ambayo maziwa hayakupatikana, ziwa lina jibu. Waitalia nao huweka juu ya mkate samaki wadogo waliohifadhiwa kwa chumvi, waitwao acciughe. Ndagala wakavu, ambao Watanzania huwaita dagaa, wanaweza kuchukua nafasi hiyo. Wachambue, waoshe, wakaange hadi wawe wakavu na wa kuvunjika, kisha wanyunyize juu ya nyanya dakika ya mwisho. Ikiwa wametiwa chumvi, punguza ile ya nyanya.

Kuhifadhi na kupakua

Brusketa haiwekwi kiporo. Vipande vilivyokwisha pakwa nyanya visikae nje zaidi ya saa mbili, na katika joto kali la mchana wa Imbo, saa moja tu. Wageni wakichelewa, weka mkate, jibini na nyanya katika vyombo vitatu vilivyofunikwa dhidi ya nzi, na kila mtu ajipakulie baada ya kunawa mikono.

Mtu akipata ghafla kuhara kwa majimaji mengi, iwe ni baada ya mlo huu au mwingine wowote, aanze mara moja kunywa maji yenye chumvi maalumu za kurudisha maji mwilini, huku akipelekwa kituo cha afya kilicho karibu. Kipindupindu hutibika, lakini hakisubiri: mgonjwa anaweza kupoteza maisha ndani ya saa chache asipotibiwa.