Mgombea Mwenza Husomwa Kama Barua

Jumapili ya tarehe 15 Mei 2022, baada ya mashauriano marefu nyumbani kwake Karen, William Ruto, aliyekuwa akiwania urais wa Kenya, alimtangaza Rigathi Gachagua kuwa mgombea mwenza wake. Gachagua alikuwa mbunge wa Mathira, kipindi cha kwanza bungeni, jina ambalo mtu wa Kilifi au Busia huenda hakuwahi kulitamka. Kesho yake, katika jumba la KICC katikati ya Nairobi, mpinzani wake Raila Odinga alimtaja Martha Karua: waziri wa zamani wa sheria, mwanamke aliyejiuzulu uwaziri mwaka 2009 kwa hiari yake, aliyewahi kuwania urais mwenyewe mwaka 2013.

Kama hamasa ingepimwa kwa vifijo vya wiki ile, Karua alimwacha Gachagua mbali. Wanawake waliokuwa wamekata tamaa na siasa waliinua vichwa. Wachambuzi wa redio na runinga walisema sasa mizani imehama. Kisha ikafika tarehe 9 Agosti, siku ya kura. Kirinyaga, kaunti anakotoka Karua, ilimwagia Ruto kura, na Mlima Kenya karibu wote ukafuata mkondo huohuo. Ruto alipata kura 7,176,141, Raila 6,942,930.

Wengi walihitimisha upesi kwamba mgombea mwenza hana maana. Mimi naona hitimisho hilo ni la kivivu. Mwenza ana maana kubwa, ila tunaitafuta mahali pasipo penyewe. Tunamhesabu kama mfuko wa kura unaobebwa kutoka kijijini kwake hadi kwa mkubwa wake. Kwa kweli yeye ni barua. Mgombea urais anamwandikia mpiga kura, na karatasi yake ni mtu mzima mwenye sura, lugha, dini na historia. Hamasa hutegemea jinsi barua hiyo inavyosomwa, na kila nchi ina namna yake ya kusoma.

Mlima Kenya ulizisoma barua mbili za Mei 2022. Ya Raila ilizungumzia haki, sheria na vita dhidi ya ufisadi. Ilikuwa barua nzuri, na nakiri iliniingia moyoni. Lakini mkulima wa kahawa wa Ndia au mchuma chai wa Othaya alikuwa na swali jingine kabisa: bei ya mazao, bei ya mbolea, na hasira dhidi ya Rais Uhuru Kenyatta, ambaye wakati huo alikuwa amesimama nyuma ya Raila. Gachagua alizungumza Kikuyu cha sokoni, akitaja maziwa na majani chai bila kupepesa. Hakuwasha moto wowote. Moto ulikuwa unawaka kabla yake, yeye alitia kuni. Karua alitumwa kuuzima, na hakuna mwenza anayeweza kuzima hasira ambayo bosi wake hajaijibu.

Tusiongeze chumvi katika kuni hizo pia. Wapiga kura wa Kenya walijitokeza kwa kiwango cha asilimia 86 hivi mwaka 2013, asilimia 79 Agosti 2017, na asilimia 65 hivi mwaka 2022. Yaani katika uchaguzi ambao tiketi zote mbili kubwa zilikuwa na mwenza kutoka Mlima Kenya, na tiketi tatu kati ya nne zilikuwa na mwanamke katika nafasi hiyo, Wakenya wengi zaidi walibaki nyumbani. Kelele za siku ya kutangazwa jina na foleni ya kituo cha kura ni vitu viwili.

Wamarekani wana uzoefu mrefu zaidi wa jambo hili, maana wamekuwa wakichagua rais na makamu wake kwa tiketi tangu marekebisho ya 12 ya katiba yao, mwaka 1804. Mfano wao unaonifundisha zaidi ni wa tarehe 29 Agosti 2008, pale Dayton, Ohio. John McCain alikuwa anatimiza miaka 72 siku hiyohiyo. Akamleta jukwaani Sarah Palin, gavana wa Alaska, mwanamke wa miaka 44 ambaye nje ya jimbo lake hakujulikana. Mikutano ya McCain iliyokuwa imepoa ikafurika watu. Wahafidhina wa makanisani, ambao hawakuwahi kumwamini McCain, wakapata mtu wao. Kwa siku kadhaa baada ya mkutano mkuu wa chama, kura za maoni zilimweka McCain mbele ya Barack Obama.

Kisha yakaja mahojiano ya runinga, Palin akayumba, na barua ikaanza kusomwa upya. Swali halikuwa tena Palin ni nani. Likawa: mzee huyu wa miaka 72, mgonjwa wa zamani wa saratani, ameamuaje kumweka mtu huyu hatua moja kutoka kwenye kiti? McCain alikuwa amejijengea jina la mtu mzoefu na mwenye busara, na uteuzi huo uliligusa jina hilo moja kwa moja. Hamasa ilibaki palepale kwa waliokuwa wake tayari. Waliokuwa wanasitasita wakaenda zao.

Wataalamu wawili wa siasa wa Marekani, Christopher Devine na Kyle Kopko, wameandika vitabu viwili juu ya suala hili, na jibu lao linakaribiana na ninalolisema hapa: mwenza mara chache huvuta kura moja kwa moja, hata za jimbo lake mwenyewe, bali hubadili jinsi mpiga kura anavyoipima akili ya mgombea urais. Lloyd Bentsen alikuwa seneta wa Texas mwaka 1988, naye hakumpa Michael Dukakis jimbo la Texas. Geraldine Ferraro aliandika historia mwaka 1984 kwa kuwa mwanamke wa kwanza kwenye tiketi ya chama kikubwa, na Walter Mondale akashindwa katika majimbo 49. Agosti 2024 Kamala Harris alimteua Tim Walz, na ukumbi wa Philadelphia ukatetemeka kwa shangwe. Novemba, majimbo yote saba yaliyokuwa yanagombaniwa yakaenda kwa Donald Trump.

Lakini Marekani wanasoma barua kwa macho ya mtu mmoja mmoja: ametumia busara gani? Afrika barua hiyo mara nyingi husomwa na jamii nzima iliyoketi pamoja, na swali linakuwa: sisi tumo au hatumo?

Nigeria walilijibu swali hilo kwa namna iliyonishtua. Kwa miaka mingi, vyama vikubwa vimezoea kuchanganya Mwislamu na Mkristo katika tiketi. Bola Tinubu, Mwislamu wa kusini, alimteua Kashim Shettima, Mwislamu wa kaskazini, kwa hesabu kwamba kura za kaskazini ndizo zitakazomfikisha. Jumuiya ya Wakristo wa Nigeria ikapinga waziwazi. Katika uchaguzi wa Februari 2023 hesabu ya Tinubu ilitimia, maana alishinda kwa asilimia 36 na kitu. Ila tazama upande wa pili. Vijana na Wakristo wengi walimkimbilia mgombea mpinzani, Peter Obi, na Lagos, mji ambao Tinubu aliutawala kama gavana na kuushika kisiasa kwa zaidi ya miaka 20, ukampa Obi ushindi. Mwenza wa Tinubu alichochea hamasa kubwa, sehemu yake ikiwa ya wapinzani wake. Jambo hili wapanga mikakati hulisahau: barua ikishaandikwa husomwa hata na wale ambao haikuandikiwa.

Na isidhaniwe kwamba dini ndiyo sheria ya milele huko. Katika uchaguzi wa tarehe 12 Juni 1993 Moshood Abiola na Babagana Kingibe, Waislamu wote wawili, waliungwa mkono hadi katika maeneo ya Wakristo, kabla ya jeshi kufuta matokeo. Tiketi ya dini moja ilisomwa kwa namna mbili katika nchi moja, kwa sababu mwaka 1993 watu walitaka kwanza kuondokana na utawala wa kijeshi.

Kuna aina moja ya mwenza ambaye kweli huja na kura mkononi. Ni yule mwenye jeshi lake kabla ya kuteuliwa. Desemba 2012, mjini Nakuru, Uhuru Kenyatta na William Ruto waliunda muungano wa vyama vyao, miaka mitano tu baada ya Wakikuyu na Wakalenjin kuuana katika Bonde la Ufa hilohilo. Ruto hakuwa pambo la tiketi. Alikuwa nusu yake. Wote wawili walikabiliwa na kesi za machafuko hayo kule The Hague, na watu wao waliliona suala hilo kama shambulio dhidi yao. Watu wa Bonde la Ufa na wa Mlima walijipanga foleni alfajiri ya tarehe 4 Machi 2013 wakijua kwamba kila upande umo ndani.

Malawi nako ni hivyohivyo. Mwaka 2019 Lazarus Chakwera na Saulos Chilima walishindana, Chakwera akapata asilimia 35 hivi na Chilima asilimia 20. Mahakama ilipofuta matokeo na kuamuru uchaguzi urudiwe, Chilima alikubali kushuka na kuwa mwenza. Juni 2020 tiketi hiyo ikapata zaidi ya asilimia 58. Hapo hata mtoto wa darasa la tano anaweza kujumlisha. Lakini waliojitokeza walikuwa wachache kuliko mwaka uliotangulia. Kura ziliunganishwa, hazikuongezeka.

Barua pia huacha deni, nalo hudaiwa baadaye. Barua inayosema "nanyi mmo" ni ahadi, na waliosoma huihifadhi. Gachagua alipokuwa Naibu Rais alizungumza hadharani juu ya serikali kama kampuni yenye hisa, kwamba waliowekeza wavune kwanza. Watu wa maeneo mengine walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Kauli hizo zikaingizwa katika mashtaka yake. Tarehe 8 Oktoba 2024 wabunge zaidi ya 280 walipiga kura ya kumwondoa, na tarehe 17 Seneti ikathibitisha. Kithure Kindiki, naye wa Mlima, akaapishwa tarehe 1 Novemba. Kwa mujibu wa ramani, Mlima haukupoteza kitu. Lakini Mlima haukusoma hivyo. Uliona barua yake imechanwa, na hamasa ya 2022 ikageuka kuwa ghadhabu ambayo Gachagua tangu hapo anaizungusha nchi nzima kwa chama kipya. Wanaomhesabu mwenza kwa eneo anakotoka hawajapata maelezo ya jambo hilo.

Tanzania iko tofauti, na tofauti hiyo haipewi uzito unaostahili. Mgombea mwenza aliingia katika uchaguzi wa 1995. Kabla ya hapo Rais wa Zanzibar alikuwa Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Katiba inataka rais akitoka upande mmoja wa Muungano, makamu atoke upande wa pili. Kwa hiyo swali la "sisi tumo?" limejibiwa na sheria hata kabla ya kampeni. Benjamin Mkapa alikuwa na Omar Ali Juma, Jakaya Kikwete alikuwa na Ali Mohamed Shein kisha Mohamed Gharib Bilal. Mpiga kura wa Mwanza hakuwa na sababu ya kusisimka wala kukasirika. Hata upinzani ulipojaribu kuandika barua yake mwaka 2015, Juma Duni Haji wa CUF alilazimika kuchukua kadi ya Chadema ili asimame na Edward Lowassa, kwa kuwa sheria haikutambua tiketi ya muungano wa vyama. Wapenzi wa CUF Unguja na Pemba walimwona mtu wao akivaa sare ya wengine.

Ubaridi huo wa kampeni haulingani kabisa na uzito wa nafasi yenyewe. Oktoba 2005, siku chache kabla ya kura, Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa Freeman Mbowe wa Chadema, alifariki dunia. Mabango yalikuwa yamekwisha kubandikwa na vituo vimeandaliwa. Uchaguzi wa rais wa nchi nzima ukaahirishwa kutoka tarehe 30 Oktoba hadi 14 Desemba. Mamilioni ya watu walisubiri wiki sita kwa sababu ya mtu ambaye wengi wao hawakumjua kwa sura.

Na Julai 2015, Dodoma, John Magufuli alipomtangaza Samia Suluhu Hassan, shangwe ilikuwapo ukumbini kwa sababu alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa nafasi hiyo na chama tawala, CCM. Nje ya ukumbi mazungumzo yalirudi haraka kwa Magufuli na Lowassa. Nakumbuka kampeni zile kama vita ya wanaume wawili. Vibarazani tulibishana juu ya barabara, ufisadi na nani amehama chama gani. Sikumbuki hata jioni moja tulipoulizana Samia anafikiri nini juu ya kodi, vyombo vya habari au katiba mpya, ingawa alikuwa ametoka kuwa makamu mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba mwaka mmoja kabla. Mwaka 2020 jina lake lilirudi kwenye tiketi ileile, nasi hatukuuliza tena.

Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Siku mbili baadaye, Ikulu ya Dar es Salaam, Samia aliapishwa kuwa Rais wa sita. Hakuna kituo cha kura kilichofunguliwa, kwa sababu kura za Oktoba 2020 zilikuwa zimekwisha kumchagua.