Upatanisho wa Kisarufi katika Lugha za Kubuniwa: Kutoka Esperanto hata Afrihili

Hudhaniwa kwamba abuniye lugha ya kimataifa huchota sarufi katika lugha asilia peke yake. Historia yaonyesha vingine. Wabuni wengi wamerithi kwa watangulizi wao, na katika kurithi huko upatanisho wa kisarufi ndio uliopunguzwa zaidi.

Zamenhof alipochapisha Esperanto mwaka 1887, Volapük ya Schleyer ilikwisha kuenea. Katika Esperanto kivumishi hufuata idadi ya jina: bona libro, yaani "kitabu kizuri", wingi wake bonaj libroj. Mwaka 1894 Zamenhof mwenyewe alipendekeza vivumishi visibadilike. Wafuasi wake wakakataa kwa kura. Ilipotokea Ido mwaka 1907, nayo ni Esperanto iliyorekebishwa, wazo lile lile likarudi: bona libro, bona libri.

Afrika ina mfano wake. Mwaka 1970 Kumi Attobrah wa Ghana alibuni Afrihili. Jina hilo launganisha Afrika na Kiswahili, na sarufi yake yatokana na lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Lakini ngeli hazimo! Neno omulenzi (mvulana), ambalo Mganda hulifanyia wingi abalenzi, katika Afrihili huwa imulenzo, yaani irabu ya mwanzo na ya mwisho hubadilishana nafasi. Kiambishi kimeganda ndani ya neno, kazi yake imekwisha. Kwa maoni yangu, hapa Attobrah yu karibu na Zamenhof kuliko Mswahili.

Tangu mwaka 2022 Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, na si ajabu wageni wakiomba ngeli zipunguzwe. Kabla ya kuwajibu kwa mfano wa Ido, yafaa tusikilize soko la Eldoret. Mji huu ulikua kati ya mashamba ya walowezi waliofika Uasin Gishu tangu 1908, ukakusanya wasemaji wa Kinandi, Kiluhya, Kigikuyu na Kiafrikana, na Kiswahili chao kikapunguza ngeli pasipo kamati yoyote. Walimu huyasahihisha kwa wino mwekundu maneno kama kitabu yangu na vitabu zangu. Makosa ni makosa. Lakini tazama kwamba yangu na zangu hazikulingana. Wachuuzi hao wameziunganisha ngeli, wala hawakuufuta upatanisho: umoja na wingi ungali unasikika katika kimilikishi, mahali ambapo Ido iliunyamazisha katika kivumishi.